Niliimwagilia Miche ya Ukutani

Mzee Ramadhani,

Nimekaa kwenye kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, hapa kwenye miche yako kando ya barabara ya Musaga. Tangu ufariki nilikuwa nakikwepa. Lakini ulinizoesha nikifanya kosa nikae kwanza, ndipo niseme. Basi nimekaa.

Nimekuharibia jina, Mzee.

Unamkumbuka Madame wa Kibenga, aliyetuletea gazeti la Kifaransa lenye picha ya kichaka kinachoitwa siste? Maua membamba kama karatasi iliyokunjwakunjwa, kila ua linaishi siku moja tu, lakini kichaka chenyewe huchanua wiki baada ya wiki, kwenye mawe, juani. Alitaka hicho hicho, kwa sababu bomba la kwake hutoa maji linapojisikia. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Hii ni maua ya Bulaya, Madame. Hapa tutaitafutia ndugu yake."

Siku nzima tukabishana mimi na wewe. Mimi nilitaka lantana, maana haichoki kuchanua. Ukasema wajukuu wa Madame watakula vitunda vyake waumwe. Nikataja loriye-roze, ukaniuliza kama nataka kuwaua kabisa kwa sumu yake. Mwishowe tukakubaliana bugenvilia ya zambarau. Nayo ina karatasi zake, na kadiri unavyoinyima maji ndivyo inavyochanua. Ukachagua miche sita, ukaipanga ukutani chini ya bati, mvua isipofika, uifunze kiu.

Hiyo ilikuwa kazi yako, sijaona muuza maua mwingine akiifanya. Wiki tatu bila tone. Mche ukipukutisha majani halafu ukachipua wenyewe, huo unauzwa. Ukishindwa, unautupa, hata kama uliupenda.

Halafu ukalazwa. Figo zilikuwa zimechoka, daktari akasema maji kidogo sana kwa siku, yapimwe kwa kijiko. Mimi na mkeo Mama Asha tukapokezana kukaa nawe. "Feza, mutoto wangu, nipe mayi. Kidogo tu." Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na kikombe kilikuwa pale pale. Nikasema ya leo yamekwisha, Mzee. Ukanipa mgongo. Wewe uliyenipokea nilipotoka Uvira na kifurushi kimoja, bila kuniuliza nasali wapi, nikakunyima maji.

Kesho yake ukaniita. Nilidhani utaomba tena. Ukasema, "Ile ya ku ukuta, usiipe mayi. Bado wiki moja." Sikupata neno jingine kutoka kwako.

Wanaume walikubeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani na Mama Asha. Msiba ulipokwisha nikarudi hapa. Mzee, ile miche ilikuwa vijiti vitupu, majani yote chini. Nilijua maana yake, ingojwe ichipue yenyewe. Nilikumbuka ulivyoniagiza, usidhani nilisahau. Lakini sikuona bugenvilia, nilikuona wewe umenipa mgongo. Nikachota ndoo. Nikaimwagilia asubuhi na jioni, nikilia kama mjinga, nikiiambia kunyweni, kunyweni. Ikaota majani mabichi, manene, na mimi nikafurahi. Nikaipeleka Kibenga mwenyewe na kumwambia Madame kwamba ni ile uliyomwandalia kwa mkono wako.

Alifuata maelekezo yako yote. Shimo refu, maji mara moja kwa wiki. Kiangazi kilipokaza, yote sita ikakauka. Alituma niende kuing'oa, na mizizi ilikuwa imejikunja pale pale juu, haijawahi kutafuta kitu.

Madame akaja hapa na hasira. "Vraiment, kweli, ule muzee wako alinidanganya. Alisema inaweza kiu." Na mimi, Mzee, nikatazama viatu vyangu. Neno moja tu lilihitajika, nikalimeza, nikamwacha aondoke akikuita mwongo na wewe huna mdomo wa kujitetea.

Sasa neno lake limesambaa. Wiki iliyopita mteja wako wa Kamenge aliniuliza kama ni kweli mwishoni ulikuwa unauza miche mibovu. Mama Asha bado yuko edani, hatoki, hajasikia. Kila Ijumaa nikimpelekea mboga ya lengalenga ananiuliza, "Na kwa Madame wa Kibenga, maua imetoka?" Nami namjibu bado, mama. Naona haya hata kumwangalia. Akitoka edani atayakuta maneno haya barabarani, na sitaki ayasikie kwa mtu mwingine.

Tangu siku ile aliyokuja Madame nimeweka miche mingine mitatu ukutani. Nimeipa kiu, kwa wiki zako tatu. Ni kazi ngumu kuliko ulivyoifanya ionekane, ungeniambia basi. Mmoja ulikufa, nikautupa. Mmoja umechipua, na juzi umetoa karatasi ya kwanza ya zambarau, moja, ndogo.

Kesho asubuhi nitaupeleka Kibenga. Nitakaa kwanza, hata kama Madame hajanikaribisha kiti. Nitamwambia Mzee Ramadhani alikataza, mimi ndiye niliyemwagilia, kisha nikadanganya, kisha nikanyamaza. Akinifukuza, nitauacha mlangoni. Nikitoka hapo naenda kwa Mama Asha, nimwambie maneno hayo hayo, na yule wa Kamenge pia. Nakuahidi hivyo, Mzee, na safari hii nitatii.

Pumzika. Nisamehe kile kikombe.

Mche wa tatu bado haujaamua. Leo jioni ulikuwa umeinama, majani matatu yamebaki, na nilikuwa nimesimama mbele yake na ndoo imejaa. Nimeiweka chini.

Mutoto wako,
Feza