Bonde la Naver na Shamba la Baba

Babu yangu wa Ingleburn,

Ni miezi minne tangu tukuzike, na bado nikipita mtaa wako hapa Australia kwenda kumhudumia mzee mwingine napunguza mwendo. Sikuwahi kukueleza kwa nini wiki ile ya ramani nilinyamaza.

Nilikuwa nakukanda miguu. Ukafungua ramani ya kwenu, ukaweka kidole kwenye ziwa la Naver, kaskazini kabisa mwa Uskoti, ukaufuata mto hadi baharini. Bonde zima, ulisema, ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Kando ya mto kuna majani mazuri. Juu ni vilima vitupu na udongo mweusi ambao mkiukausha huwaka kama kuni. Kisha ukanionyesha mahali palipokuwa na vijiji. Miaka mia mbili iliyopita mwenye ardhi aliwaondoa wakulima ili alete kondoo. Nyumba zilichomwa. Wengine walisukumwa pwani kwenye mawe, wengine wakavuka bahari.

"Pole, Babu. Kumbe wazee wako walifukuzwa."

"Hapana, binti yangu. Wazee wangu ndio walioletwa kuchunga hao kondoo."

Niliendelea kukanda, lakini moyo ulishaondoka. Ulijua nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, baada ya wazazi wangu kukimbia Burundi. Hukujua kwamba shamba la baba kule Burundi sasa lilikuwa na watu wengine, na kwamba kaka yangu aliyerudi huko alitaka nitie sahihi ombi la kutaka watolewe.

Wiki nzima, kila zamu yangu ilipofika, nilikuja, nikakuogesha, nikaondoka. Mwishowe ukanishika mkono. "Niulize tu."

"Mlijua mnaishi kwa nani?"

"Tulijua. Tulichunga juu ya misingi ya nyumba zao. Hakuna aliyerudi kutuuliza, nasi hatukumtafuta mtu. Hilo ndilo linaloniuma."

Kesho yake nilimpigia kaka. Nikamwambia sitii sahihi mpaka aende akae nao, awasikilize. Akafoka: "Australia imekulainisha!" Lakini akaenda.

Ulifariki wiki hiyohiyo, ndiyo maana hukusikia kilichofuata. Mama wa familia iliyokaa shambani kwetu alimpeleka kaka moja kwa moja kwenye kaburi la babu yetu. Alikuwa akilipalilia miaka yote bila kujua ni la nani. Wakaongea siku tatu, majirani wakiwa mashahidi. Sehemu ya kijitoni ikarudi kwetu, ya juu ikabaki kwao.

Kaka bado ananung'unika kwamba nusu si haki. Huenda ni kweli. Msimu huu wamepanda maharage, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyefukuzwa.

Lala salama, Babu.

Mjukuu wako wa zamu za Jumatatu na Alhamisi