Namba ya Kufungulia Barua

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua.

Kufuli ulilotia kwenye barua pepe yangu linafanya kazi. Nikitaka kufungua, namba inaingia kwenye simu yako huko mbali, nami nakubip, unanipigia na kunisomea. Jirani yangu fundi viatu anacheka, eti fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimemwambia hii inaua. Picha zote za marehemu baba yako zimo humo, na yule mtu aliyejaribu kuingia mwezi uliopita hajarudi tena.

Leo kompyuta imenitoa mara tatu, sijui kwa nini. Samahani kwa usumbufu.

Mama yako

19 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi sijambo, kazi tu.

Msimamizi amenikuta nyuma ya mashine za kukaushia mashuka nakusomea namba. Simu hairuhusiwi huku chini kwenye chumba cha kufulia, na amesema hatanionya tena. Kwa hiyo nimebadilisha, namba sasa itaingia kwenye simu yako mwenyewe. Usimsomee mtu yeyote, Mama. Hata akisema ni mimi.

Bintiyo

2 Mei

Marahaba mwanangu,

Kazi isikumalize. Namba inaingia, tena haraka, kabla sijavaa miwani.

Nikwambie ukweli? Kompyuta haikuwahi kunitoa. Nilikuwa nasoma matangazo ya magodoro, halafu najitoa mwenyewe ili nikubip tena. Na zile namba nilizosema sikuzisikia, nilizisikia vizuri sana. Usinikasirikie. Nyumba ina vyumba vitatu na redio moja.

Mama yako

9 Juni

Shikamoo Mama,

Natumai goti limepoa. Umenichekesha mpaka wenzangu wameniuliza kuna nini. Jumapili nitakupigia, tuongee mpaka uchoke wewe.

Bintiyo

28 Julai

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Natumia barua pepe ya fundi viatu, kaniazima simu yake. Jumapili zimepita na sikulaumu, najua kazi.

Wiki iliyopita alinipigia kijana. Alinijulia hali, nikamweleza goti, akanipa pole na kuniambia nilikande kwa maji ya moto. Kisha akasema namba yake imeingia kwenye simu yangu kwa makosa, nimsomee.

Nilijua ni mwizi. Ulinionya, na mimi si mtoto. Lakini ningekataa angekata simu. Nilimsomea tarakimu moja moja, nikasimama katikati nikamuuliza kama kwao ni wazima. Akasema mama yake hajambo.

Sasa barua pepe yangu haifunguki na picha za baba yako zimekwenda nayo. Majuto ni mjukuu, na wewe hata huyo hujaniletea. Nimelia sana, mwanangu, na sikulia kwa ajili ya picha tu.

Mama yako

1 Agosti

Shikamoo Mama,

Naomba fundi viatu akuachie simu usome peke yako. Sikugombezi. Nimewaandikia wenye mtandao wa barua pepe, wanasema huenda picha zikarudi, huenda zisirudi.

Jana niliandikiwa kwa jina lako, kutoka barua pepe yako ile iliyoibwa. Barua ilinisalimu vizuri, ikauliza kama nalala, halafu ikaomba nitume namba iliyoingia kwenye simu yangu. Nilijua ni yule kijana. Wewe hujawahi kuniita "mwanangu mpenzi". Namba sikumpa.

Lakini nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikamjibu lile swali la kwanza. Nilimwambia silali. Nilimwambia mikono imebabuka kwa sabuni, na kwamba Jumapili nashika simu halafu naiweka chini, maana nikisikia sauti yako nitataka kurudi na sitaweza.

Hayo yote nimemwambia mwizi, Mama. Wewe sijawahi kukuambia hata moja.

Bintiyo