Mama Mkwe Amenikataza Kukata Suruali za Mume Wangu

Mshauri wangu,

Asalaam aleikum. Naitwa Fatumo, ninaishi Garissa, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu jambo hili nikiwaambia majirani litafika nyumbani kabla yangu, na humu ndani tuko watatu tu, mimi, mwanangu Abdihafid anayetakiwa kuingia kidato cha kwanza, na mama mkwe wangu Rahmo, na kuna suruali nne ambazo siku hizi hatuwezi kuzitaja bila mmoja wetu kuondoka chumbani.

Suruali hizo ni za mume wangu Kadar. Kadar alikuwa fundi cherehani, alikaa kwenye baraza ya duka la nguo karibu na soko, na watu walitoka hata Habaswein kuja kushonewa suruali za Idi kwake, kwa sababu suruali yake ilikaa kiunoni bila mshipi. Aliponioa sikujua hata kutunga uzi kwenye sindano, yeye ndiye aliyenifundisha, alikuwa akirudi na mabaki ya vitambaa, ananiwekea cherehani ya mkono juu ya jamvi uani, anakaa nyuma yangu na kuniambia, "Usiuvute mguu wa suruali, Fatumo, uache uende wenyewe, wewe uongoze tu." Suruali ya kwanza niliyomshonea mguu mmoja ulikuwa mfupi, naye akaivaa Ijumaa kwenda msikitini, na watu walipomwuliza ni fundi gani aliyemharibia kitambaa akawajibu kwamba fundi huyo ni wake peke yake na hamwazimi mtu. Basi tangu hapo yeye akawa anawashonea watu na mimi namshonea yeye, na nguo zangu na za mtoto na za mama yake zote zilitoka kwenye ile cherehani moja, hakuna aliyevaa mtumba nyumbani kwetu, na hata leo nikipita sokoni nikasikia mlio wa cherehani ya mtu huwa nasimama kidogo kama nimeitwa.

Mwaka wa tisini binamu yake alimwita Kismayu, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na kazi ya kushona sare, akasema ni miezi michache tu. Alichukua suruali mbili akaniachia hizi, akaniambia, "Zitunze, nikirudi nitakuwa nimenenepa, utanipanulia kiuno." Haikupita muda vita vikaingia kule. Watu walipoanza kuvuka kuja upande wetu nilikwenda Liboi kuuliza, nikaenda mpaka kambi za Dadaab, mmoja akaniambia alimwona mzima akielekea bandarini, mwingine akaniambia alisikia amefariki ila yeye mwenyewe hakuona, na baada ya hapo sijapata habari nyingine. Sijakaa eda, sijaolewa, na kwa kadhi sijaenda, maana niliogopa ataniambia neno ambalo nikishalisikia siwezi kulirudisha.

Mvua zikiisha huwa nazitoa suruali zile sandukuni, nazianika, nazipiga pasi ya makaa, nazifukiza ubani wa uunsi, halafu mimi na mama mkwe tunazikunja pamoja bila kusema kitu. Tumeishi hivyo na sikuwahi kulalamika.

Sasa baada ya mvua hii kubwa iliyopita, mbuzi wetu waliokuwa Ijara kwa kaka yangu walikufa kwa ugonjwa karibu wote, na hao ndio waliokuwa wakinisomeshea mtoto. Watu wa ukoo wamechanga karo, Mungu awalipe, lakini sare bado, na shule inataka suruali ya kijivu, na katika zile za Kadar mbili ni za kijivu, kitambaa kizito ambacho sikioni tena madukani. Abdihafid amerefuka ghafla, suruali yake ya zamani nimeishusha pindo mpaka hakuna pindo la kushusha. Nikamwita nimpime, urefu ni ule ule wa baba yake, kiuno tu ndicho chembamba, nikaona nikikata pembeni zitamkaa.

Mama mkwe alinikuta na mkasi. Hakupiga kelele. Aliichukua ile suruali magotini pangu akaniuliza, "Ukiikata hii, mwanangu akirudi atavaa nini?"

Nikamwambia, "Hooyo, na mjukuu wako atavaa nini shule ikifunguliwa?"

Akasema, "Mwanamke akikata nguo za mumewe, ameshamzika. Na kuna mwanamume mwingine anamngoja."

Mshauri, mimi sina mtu. Huyu mama nimemwita hooyo, yaani mama, tangu siku niliyoolewa, yeye ndiye aliyenishika mgongo nilipokuwa najifungua, na neno hilo limenikaa kifuani kama mfupa. Abdihafid alisikia yote akiwa uani, akaingia akasema suruali ziachwe, yeye shule haendi, ataomba kazi ya utingo kwenye malori ya Wajir. Siku nyingine mama mkwe alipokwenda kunywa chai kwa jirani niliitandaza tena, nikachora kwa chaki, mkasi nikaushika, halafu nikaifuta chaki kwa kiganja nikaikunja nikairudisha. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Shule zinakaribia kufunguliwa. Nimtii mama mkwe au nimvishe mwanangu? Niambie, maana mimi nimeshindwa.

Fatumo, Garissa, 1998

*

Dada Fatumo,

Waaleikum salaam. Nimekusoma, na kabla sijakupa pole nitakugombeza kidogo.

Umeniandikia kana kwamba mama mkwe ndiye anayeuzuia mkasi wako. Siku ulipochora na kufuta, mama huyo alikuwa kwa jirani anakunywa chai. Ni nani aliyekushika mkono? Ulijishika mwenyewe. Hiyo si aibu. Ulimpenda mumeo, naye alipendeka, na mtu aliyevaa suruali yenye mguu mmoja mfupi msikitini kwa ajili yako hakunjwi akawekwa sandukuni akasahaulika. Lakini usimtwike bibi kizee huzuni ya watu wawili. Nyinyi mnaogopa jambo lile lile, mmelala nalo nyumba moja miaka yote hii, na hamjawahi kuambiana.

Aliposema una mtu, alikukosea. Ni neno la mama aliyepotelewa na mtoto na hana hata kaburi la kuzuru. Lisamehe, ila usilimeze. Mwambie kwa adabu, mkiwa wawili, kwamba limekuumiza.

Kama Kadar yu hai au hayuko, mimi sijui, wewe hujui, na suruali zake hazijui. Jambo hilo lina watu wake. Nenda kwa kadhi, na usiende peke yako, nenda na huyo huyo mama mkwe ili asikie kwa masikio yake na asije akadhani umekwenda kuomba ruhusa ya kuolewa. Hutakiwi kuolewa na mtu yeyote. Unatakiwa kujua umesimama wapi, kwa sababu mwanamke kuishi si mke si mjane ni mateso, na wewe umeyazoea mpaka unayaita maisha.

Lakini mtoto asisubiri kadhi ndipo avae. Sasa nisikilize kuhusu kitambaa, na hapa nashangaa, maana wewe ni fundi na ulifunzwa na fundi. Nani kakwambia ukate? Fumua. Fumua mshono wa nyuma na mishono ya miguu, ingiza kiuno ndani, kitambaa kinachozidi kikunje humo humo na ukishone kwa mishono mirefu. Kitajaa kidogo, shati litafunika. Kijana wako akinenepa utaachia, na baba yake akija mlangoni utaachia yote. Ungeliona hili mwenyewe kama machozi yangekupisha.

Usiifanye kazi hii kwa kujificha. Zitoe suruali zote nne mbele ya Rahmo, umwombe achague mbili zitakazobaki kama zilivyo. Zile nyingine mpe yeye azifumue. Akikataa, mwachie mpaka kesho umwombe tena, na ikifika siku ya shule bado anakataa, zishone, mbele yake, kwa heshima.

Na huyo Abdihafid mwambie malori ya Wajir yatakuwepo akimaliza kidato cha nne. Aende akasome.

*

Shule zilipofunguliwa, Fatumo aliandika tena:

Mshauri, nilizitoa zote nne nikaziweka kwenye jamvi. Mama mkwe alizishika moja moja, akazinusa, akachagua ya kahawia na nyeusi, akaziweka upande wake. Kwa zile za kijivu akaniomba wembe. Macho yake hayaoni vizuri, uzi alikuwa akiutafuta kwa vidole, nami nikamwachia. Alipofika katikati ya mguu wa pili akaanza kulia, na mimi nikalia, na nikatambua kwamba miaka yote hii kila mmoja wetu alikuwa akilia mahali pake. Akaniambia, "Nilikuambia neno baya." Nikamwambia, "Ndiyo, hooyo, liliniuma." Basi tukaendelea kufumua.

Kwa kadhi tumekwenda, mimi na yeye. Ameanza kuuliza watu na ametuambia tungoje. Jibu bado sina, lakini sasa tunangoja pamoja na tunamtaja Kadar kwa jina, hata kwenye chakula.

Siku ya kwanza ya shule Abdihafid aliivaa, na ilimkaa. Nilipomwona kwa nyuma, mabega yalikuwa ya baba yake, na mwendo ni ule ule, na nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni akimtazama anavyoondoka, nikajua atamwita kwa jina la mwanawe.

Akaita, "Abdihafid, rudi kwanza, hujanywa chai."

Akarudi, akainywa akiwa amesimama, asije akaikunja suruali.