Nyuzi za Bluu kwenye Matope ya Mikoko

Shosti, nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe.

Leo nilikuwa naonyesha idara nzima matokeo ya utafiti wangu wa miaka miwili. Matope ya mikoko, na kila sampuli imejaa nyuzi za plastiki za bluu. Kila sampuli!

Profesa hata picha hakuziangalia. Aliniangalia mimi. "Hebu simama."

Nikasimama, mjinga mimi, nikidhani napongezwa.

Akachomoa uzi begani kwangu, akauweka kwenye hadubini, akawasha skrini kubwa. Ni ule ule!

"Miaka miwili umetuchunguzia sweta lako."

Sweta lako! Walicheka mpaka mfagizi akaja kuchungulia.

Na ni lile ulilonifumia wewe, kwa sababu ya baridi ya maabara. Ukaniapia, kwa jina la mama yako, kwamba ni sufu tupu.