Dada, Umelifunika Wapi Jicho la Maji?

Mpendwa dada,

Barua hii nimeiacha wazi makusudi, yeyote atakayeishika njiani aisome. Nilikutukana mbele ya kijiji kizima; siwezi kukuomba radhi ndani ya bahasha.

Unakumbuka mwaka ule baada ya Uhuru, tulipopanda kilima chetu, nyuma ya boma la baba? Ulikaa juu ya jiwe ukitafuna karanga, mimi nikasimama kama mgombea. Magharibi ziwa liling'aa hadi upande wa Musoma. Mashariki mbuga ilikwenda mpaka macho yakachoka, na nyumbu walikuwa madoa yanayotembea. Chini, kuelekea Bunda, pamba ilikuwa imepasuka nyeupe. Nikakuhutubia: pamba hii, samaki wale, ng'ombe, hata wanyama ambao Wazungu wanasafiri kuja kuwatazama, vyote sasa ni vyetu.

"Na kilima?" ukauliza.

"Kilima hakiliki."

Ulicheka mpaka karanga zikakupalia.

Kisha ukaja mkutano wa kutuhamisha kilimani kwenda kijiji kipya cha mbugani. Shule na zahanati nilizozipigania siku ile sizijutii, na anayezibeza leo nitagombana naye. Najutia jinsi nilivyokujibu. Ulisimama, mjane uliyerudi kukaa kwa baba, ukauliza mbugani tutakunywa nini. Nikasema kitachimbwa kisima.

"Maji ya kule yana magadi," ukasema. "Ng'ombe wanayapenda. Watu watayaweza?"

Nami nikawageukia watu: "Dada yangu kazaliwa kwenye mawe, anafikiri kama mawe." Wakacheka. Ukasubiri wamalize.

"Haya, mdogo wangu uliyesoma. Yale uliyokuwaga unakunywa nyumbani yalitoka wapi?"

Nilimwomba mwenyekiti apigishe kura.

Sikujibu kwa sababu sikujua. Ningeweza kukutajia milima ya Peru na mito ya Urusi. Lakini sisi wanaume tulipeleka ng'ombe mtoni, na maji ya nyumbani tuliyakuta mtungini. Kila boma la kilimani lilikuwa na jicho lake la maji, chemchemi ndogo kati ya mawe, na mama alimwonyesha binti jinsi ya kulifunika kwa jiwe bapa, udongo na majani, ng'ombe wasilikanyage. Mwanamume aliyeuliza lilipo alichekwa. Kwa hiyo hatukuuliza, kisha tukapiga kura.

Kisima kilichimbwa. Kina magadi. Meno ya watoto yanageuka kahawia, na wanawake wanatembea nusu siku hadi mtoni. Macho mengine ya kilimani yalikanyagwa na mifugo wiki ile ile ya kuhama, yakafa. Lako ulilifunika kabla ya kwenda kwa binti yako huko ziwani.

Nilikutumia salamu, nikiuliza lilipo, kwa yule mama anayeleta dagaa kutoka kwenu. Akarudi na jibu lako: "Mwambie atafute kitabuni." Nilistahili.

Nimepanda kilima mara nne sasa, na kila mara narudi na maswali mengi zaidi. Nimeona nyuki wanashuka kwenye ufa ulio chini ya mkuyu. Wanakunywa nini pale wakati wa kiangazi? Kwa nini pimbi wamejazana upande wa kaskazini tu? Kuna mwamba ambao nyasi zake hazikauki: je, maji yapo chini yake, au yanapita tu yakienda kwingine? Mama alijuaje? Ulijifunza kwa kutazama, au kwa kusikiliza? Nimeishi miaka arobaini na tano chini ya kilima hiki na sijawahi kukitazama.

Mwenyekiti anataka kupeleka vijana na mitaimbo wang'oe kila jiwe. Nimempinga, kwa sauti ile ile unayoijua. Wakilipasua jicho, maji yatatoroka ndani ya mwamba na hakuna atakayeyapata tena. Nimepewa muda wa kulitafuta hadi mvua za kwanza. Mkutanoni nilisema jicho ni lako, na kwamba aliyekucheka siku ile akuombe radhi, mimi wa kwanza.

Nakuomba radhi, dada.

Usiponisamehe, wafikirie watoto. Wao hawakupiga kura. Mwonyeshe hata mwanamke mmoja unayemwamini, mimi nibaki nyumbani nisijue. Lakini ukikubali niwepo, pita mbele, nitafuata nyuma bila kusema neno, na ndoo nitajitwisha mimi, kijiji kione.

Salimia wa huko wote.

Ni mimi mdogo wako, mbishi wako.