Mwalimu wa Majani Chai

Alhamisi, Juni 1994

Mwalimu. Mimi niliyeacha shule darasa la tano.

Nyapara alinipa Nekesa, msichana mgeni kutoka kwetu Bungoma, nimfundishe kuchuma chai. Wiki nzima ameniita hivyo. "Mwalimu, hili si limekomaa?" Wenzetu wakacheka: "Mwalimu, chaki iko wapi?" Kwetu jina hilo ni la mtu mwenye viatu. Hapa wengine huniita kwa namba ya kikapu changu tu. Nilijifanya naudhika.

Leo nyapara ameona Nekesa anajaza kikapu peke yake. Kesho anahamishiwa shamba la ng'ambo ya mto.

"Asante, mwalimu," akasema, akaenda.

Nimepika ugali, nimeufunika. Ningejua, ningemfundisha polepole.