Leseni ya Bastola

Dada Verlene,

Hapa Texas kuku wameacha kutaga, na paa la kanisa bado linavuja.

Jana nilikwenda kupiga kura. Karani ni Dwayne, niliyemfundisha kusoma. Akanirudisha: "Mwalimu, nakujua, lakini kitambulisho chako, hii leseni ya gari, muda wake ulikwisha miaka sita iliyopita." Nyuma yangu Hoyt, yule aliyempiga risasi mbwa wangu, akatoa leseni yake ya bastola. Dwayne akamwambia: "Hiyo sheria inaikubali. Pita, mzee!"

Ofisi ya vitambulisho iko maili sitini kutoka hapa, nami niliacha kuendesha kwa sababu ya macho. Mafunzo ya leseni ya bastola hufanyika hapa nyuma ya kanisa, basi nimejiandikisha ili nami nipige kura. Nikamwambia mkufunzi sioni vizuri. Akacheka: "Usijali, mama. Shabaha tutakusogezea."

Mdogo wako,
Odella